Madaktari wakikubaliana bei: ni kuondoa dhulma au kuiongeza?

MWEZI uliopita nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tano mlango wa biashara zilizokatazwa. Tulikuwa tumemaliza ihtikari, yaani kuficha bidhaa ili bei ipande, tukaingia katika suala la wauzaji kula njama. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Ustadh," akasema, "wafanyabiashara wa sukari wakikaa wakapanga bei, umesema hiyo ni dhulma. Je, madaktari wenye zahanati zao wakikaa wakapanga bei ya kuwatibu watu wenye bima, hiyo nayo tuiite nini?"

Nilimjibu haraka kwamba hukumu ni moja. Kengele ikalia, nikafunga kitabu. Lakini njiani kurudi nyumbani moyo haukutulia. Nilijua kuwa sikumjibu kijana yule kwa elimu. Nilimjibu kwa hasira yangu, na mwalimu anayefundisha kwa hasira anawapa wanafunzi ugonjwa wake mwenyewe.

Hasira yenyewe ina asili yake. Miaka kadhaa nyuma mwanangu wa pili, mwenye pumu, alibanwa usiku. Tulimkimbiza hospitali tukiwa na kadi ya kampuni ya bima binafsi ambayo mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa ameingia nayo mkataba. Dirishani palibandikwa karatasi: hospitali na zahanati kadhaa za mji wetu zimekubaliana kutopokea kadi ya kampuni ile mpaka bei mpya zipatikane. Binti wa mapokezi hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Kwa kadi hii hapana, baba. Kwa fedha taslimu, karibu." Nilimpigia simu shemeji yangu, akanitumia fedha, mtoto akawekwa kwenye mashine ya kuvuta dawa, na alhamdulillah kulipambazuka salama. Lakini zile dakika ishirini za kusubiri fedha ziingie kwenye simu, huku nikisikia kifua cha mtoto kikilia, sijazisahau.

Siku chache baadaye nikajua kwamba mmoja wa waliokubaliana ni daktari wa mtaani kwetu, mtu mzima, mwenye zahanati ya vyumba vinne, ambaye husali safu moja na mimi. Nilimfuata baada ya Isha. Sikwenda kwa wema.

"Kaa, Ustadh," akaniambia. Akatoa jalada. "Huu ndio mkataba wangu na kampuni yako. Uliletwa umeshachapwa, bei zimeshajazwa. Kazi yangu ilikuwa kutia saini ukurasa wa mwisho." Akanionyesha ada ya kumuona daktari, ambayo haikuwa imeguswa kwa miaka, wakati glovu, sindano na mafuta ya jenereta vimepanda. Akanionyesha madai yaliyorudishwa yakiwa yamekatwa bila maelezo, na mengine yaliyokaa miezi bila kulipwa. Wauguzi wake wanadai mshahara kila mwisho wa mwezi.

"Kwa nini usikatae?" nikamuuliza.

"Nikikataa peke yangu, wagonjwa wao watahamia kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Na yeye hawezi kukataa kwa sababu ananiogopa mimi. Kila mmoja wetu anasaini kwa kumwogopa mwenzake. Ndiyo maana tulikaa pamoja."

"Na mwanangu, Daktari? Usiku ule yeye alikuwa na kosa gani?"

Akanyamaza kitambo. "Hilo," akasema, "sina jibu lake."

Ndugu msomaji, mazungumzo yale ndiyo ninayotaka tuyapime leo. Daktari alikuwa na haki katika hoja yake ya kwanza, nami nilikuwa na haki katika swali langu la mwisho. Tufanye nini pale ambapo pande mbili zote zina haki, na mgonjwa yupo katikati?

Suala lenyewe ni kubwa kuliko mtaa wangu

Asidhani mtu kwamba haya ni ya watu wachache. Nchi yetu iliwahi kufunga kabisa mlango wa tiba binafsi ya kibiashara kwa sheria ya mwaka 1977, ikaufungua tena mwaka 1991. Kwa hiyo daktari mwenye zahanati yake, anayejitegemea, ni mtu mpya kwetu. Mnunuzi mkubwa wa huduma yake naye ni mpya: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Wawili hawa wamekutana katika kizazi kimoja, na bado wanajifunza namna ya kuishi pamoja.

Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha mafao cha Mfuko huo kilianza kutumika. Wamiliki wa hospitali binafsi, kupitia chama chao, walilalamika kwamba baadhi ya bei hazifidii gharama, na baadhi ya hospitali zikasitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko. Serikali ikaingilia kati, watu wakarudi mezani. Sina nia ya kuhukumu nani alikuwa sahihi katika hesabu za kila kipimo na kila dawa. Ninachotaka tukitazame ni kitendo chenyewe. Watoa huduma wengi, ambao kwa kawaida ni washindani, walisema neno moja mbele ya mnunuzi mmoja. Je, kitendo hicho kina hukumu gani mbele ya uadilifu?

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa pamoja, na inakataza pia kususia kwa pamoja. Mtu anayesoma hapo ataona jambo limekwisha. Lakini tazama upande wa pili. Madaktari walioajiriwa wana haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Jirani zetu Kenya walishuhudia madaktari wa hospitali za umma wakigoma siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja uliosainiwa mwaka 2013. Watu waliteseka, na walikuwepo waliowalaumu, lakini hakuna aliyeshangaa kuona madaktari wakizungumza kwa sauti moja, kwa kuwa chama cha wafanyakazi ni jambo linalojulikana.

Sasa, daktari yule yule akiacha ajira, akakopa benki, akafungua zahanati ya vyumba vinne, ghafla anaitwa mfanyabiashara, na neno lile lile akilisema pamoja na mwenzake linaitwa njama. Mikono yake ni ile ile na wagonjwa ni wale wale. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. Je, kibao kinatosha kubadilisha hukumu?

Wamarekani walivyohangaika nalo

Walioligeuza swali hili kwa muda mrefu zaidi ni Wamarekani, kwa sababu kwao bima nyingi ziko mikononi mwa makampuni. Tuangalie walikopita, kwani aliyetangulia kuanguka humwonyesha nyuma yake shimo lilipo.

Sheria yao ya mwaka 1890, iitwayo sheria ya Sherman, inakataza kula njama katika biashara. Mwaka 1914 wakatunga nyingine iliyotangaza kwamba kazi ya mwanadamu haihesabiwi kuwa bidhaa, na hivyo vyama vya wafanyakazi havihesabiwi kuwa njama. Daktari anayejitegemea hakuingia katika msamaha huo.

Na tusiwaonee huruma madaktari haraka, maana wao wenyewe waliwahi kuitumia nguvu ya umoja vibaya. Mwaka 1937 wafanyakazi wa serikali mjini Washington waliunda chama cha ushirika ili wachangie matibabu yao na kuajiri madaktari wao. Chama cha Madaktari cha Marekani kikapambana nacho. Madaktari waliokubali kufanya kazi na ushirika ule walitishwa kufukuzwa katika chama, na hospitali zikashinikizwa zisiwapokee. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba chama hicho kilikuwa na hatia. Hapo umoja wa wenye elimu ulitumika kuvunja umoja wa wachangiaji. Kila anayetetea madaktari kuungana lazima aikumbuke kesi hiyo.

Ikaja nyingine, mwaka 1982, kutoka eneo la Phoenix, Arizona. Madaktari wapatao 1,750, karibu asilimia 70 ya madaktari wa eneo lile, walikuwa wamekubaliana kiwango cha juu kabisa ambacho wangedai kwa wagonjwa wenye bima za aina fulani. Zingatia: walikubaliana bei isipande zaidi ya hapo. Hata hivyo Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilisema kupanga bei ni kupanga bei, iwe ya juu au ya chini, na haikutaka hata kusikiliza kama kulikuwa na manufaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 manung'uniko yalizidi, kwa kuwa kampuni za bima zilikuwa zikiungana na kukua huku madaktari wakibaki mmoja mmoja. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1999 iliyoruhusu madaktari kujadiliana kwa pamoja na kampuni za bima chini ya usimamizi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Katika Bunge la nchi, mbunge Tom Campbell wa California, ambaye alikuwa pia profesa wa sheria na mchumi, alipeleka muswada wa kuwapa madaktari wote wanaojitegemea haki hiyo. Juni 30, 2000 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 276 dhidi ya 136. Mwenyekiti wa tume yao ya biashara, Robert Pitofsky, aliupinga kwa hoja kwamba gharama zitapanda na zitalipwa na wagonjwa. Muswada haukuwahi kuwa sheria.

Je, baada ya hapo madaktari walibaki wadogo wakishindana wao kwa wao, kama sheria ilivyotaka? Hapana. Kwa hesabu za chama chao, mwaka 2012 asilimia 60.1 ya madaktari wa Marekani walikuwa katika tiba binafsi inayomilikiwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 46.7. Wengi wameuza zahanati zao au kuajiriwa na hospitali kubwa na makampuni. Sababu ni nyingi, lakini wengi wao wanaitaja mizigo ya kushughulika na bima na haja ya kupata bei bora. Hapo ndipo penye kinaya. Madaktari ishirini wakikaa chumba kimoja wakazungumza bei, ni njama. Kampuni moja ikiwanunua wote ishirini, kisha ikazungumza bei kwa niaba yao, hiyo ni menejimenti. Sauti ni moja katika hali zote mbili. Tofauti ni kwamba katika ya kwanza daktari bado ni mwenye zahanati yake, na katika ya pili amekuwa kibarua wa tajiri.

Kwa hiyo sheria inayotazama umbo na kuacha nguvu, haiondoi ukubwa. Inauhamisha tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mafaqihi walilionaje?

Hapa nirudi darasani kwangu. Wako watakaoniuliza kwanza kama bima yenyewe ya kibiashara ni halali. Swali hilo lina mlango wake na wanavyuoni wake, na leo silifungui. Ninazungumzia uadilifu baina ya mwenye huduma na mwenye fedha, ambao unahitajika hata kama fedha zinatoka katika mfuko wa ushirika au hazina ya serikali.

Tunajua sote hadithi iliyopokewa na Anas, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi: bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) azipange, naye akakataa, akieleza kwa maana kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Wengi huishia hapo na kusema bei iachwe kama ilivyo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, katika kitabu chake kuhusu hisba alieleza kwamba kadhia ile ilihusu bei iliyopanda kwa sababu za kawaida, bila mtu kumdhulumu mwingine. Palipo na dhulma, alisema, hukumu hubadilika.

Kisha akatoa mfano ambao nilipousoma upya wiki ile nilibaki nimekaa. Imam Abu Hanifa na wanafunzi wake walikataza wagawaji wa mali, wale mafundi waliokodiwa kuwagawia watu mirathi na viwanja, wasifanye ushirika wa kazi yao. Sababu ni kwamba watu wanawahitaji, na wakiwa kitu kimoja watapandisha ujira. Tazameni: hawa hawakuwa wauza sukari. Ni wenye ujuzi, wanaouza kazi ya akili na mikono yao, kama madaktari. Mwanafunzi wangu angeshangilia. Jibu langu la haraka lilikuwa na msingi.

Lakini Ibn Taymiyya hakuishia hapo. Anaendelea kusema, kwa maana, kwamba ikiwa hao wanazuiwa, basi wauzaji waliokubaliana kutouza ila kwa bei waliyoipanga wanastahili zaidi kuzuiwa, na wanunuzi waliokula njama ya kununua kwa pamoja ili wavunje thamani ya mali za watu, nao wanastahili kuzuiwa pia. Pande zote mbili! Aliona karne saba zilizopita kwamba dhulma ya bei haitoki kwa muuzaji peke yake. Mnunuzi naye, akiwa mmoja mbele ya wauzaji waliotawanyika, anaweza kudhulumu.

Na anataja mizani. Watu wakihitaji kazi ya wakulima, wafumaji au wajenzi, mtawala anaweza kuwalazimisha waifanye kwa ujira wa mfano, yaani ujira unaolingana na kazi kama ile mahali kama pale. Wasiachwe wadai zaidi, na watu wasiachwe wawapunje. Ni amri yenye makali mawili.

Niongeze jingine, ambalo madaktari wenyewe hawalitaji. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Na muuzaji aliyenunuliwa hivyo akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi anaijua bei ya soko na mgeni haijui. Sasa fikirini daktari wa vyumba vinne anapokaa na kampuni ya bima. Kampuni inajua inamlipa nini kila daktari wa mji. Daktari anajua analipwa nini yeye tu, na akimuuliza mwenzake anaweza kuambiwa anakula njama. Huyo ni mwenye msafara aliyelakiwa njiani, tofauti ni kwamba sokoni hafikishwi kamwe.

Kusema pamoja na kufunga mlango pamoja

Baada ya kuyapima yote haya, rai yangu ni hii. Kuna vitendo viwili ambavyo tumezoea kuviita kwa jina moja. Kimoja ni kusema pamoja. Kingine ni kufunga mlango pamoja. Cha kwanza, pale penye mnunuzi mwenye nguvu kupita kiasi, ni kuondoa dhulma, na ninaona kinafaa kuruhusiwa. Cha pili ni kuihamisha dhulma na kumbebesha mgonjwa, na ninaona hakifai hata kama daktari anadai haki ya kweli. Kanuni ya sheria yetu ni kwamba dhara haiondolewi kwa dhara nyingine. Basi vipi iondolewe kwa kumdhuru mtu wa tatu ambaye hakukudhulumu?

Mtu ataniambia: ukimnyima daktari nguvu ya kususia, umempa meza bila fimbo, kampuni itamsikiliza kwa nini? Hoja hii ni nzito, na mimi mwenyewe ilinisumbua. Lakini iko nchi iliyoijibu kwa vitendo. Ujerumani, madaktari walianza na fimbo. Mwaka 1900 huko Leipzig, daktari Hermann Hartmann aliasisi chama cha kupambana na mifuko ya bima ya wagonjwa, ambayo ilikuwa ikimchagua daktari mmoja mmoja na kumpa masharti. Migomo na misuguano ilifuata kwa miaka. Mwishoni, kuanzia mwaka 1931, zikaundwa jumuiya za madaktari za kisheria. Mifuko hujadiliana na jumuiya kuhusu malipo, na jumuiya hugawa kwa wanachama. Kwa upande wao, madaktari walibeba jukumu la kuhakikisha kwamba wenye bima wanapata tiba, na pande zikishindwa kuafikiana jambo hupelekwa kwa baraza la usuluhishi. Walibadilishana: tupeni sauti moja, nasi hatutafunga mlango. Fimbo ikachukuliwa na msuluhishi.

Kwa hiyo ninaona masharti matatu.

Kwanza, ruhusa ya kujadiliana kwa pamoja iwe mbele ya msimamizi asiye na upande, na hesabu ziwekwe wazi: kampuni au mfuko uonyeshe unavyokokotoa bei, na madaktari waonyeshe gharama zao. Ujira wa mfano haupatikani kwa kelele. Unapatikana kwa watu wenye ujuzi kukaa na daftari. Mnunuzi akiwa ni mfuko wa umma, sharti hili linamhusu zaidi, kwa kuwa hapo serikali ni mwenye soko na ni mnunuzi kwa wakati mmoja. Msuluhishi anayelipwa na upande mmoja si msuluhishi.

Pili, wakati wa mazungumzo bei ya zamani iendelee na mgonjwa apokelewe. Kitakachoamuliwa kilipwe kuanzia siku mazungumzo yalipoanza, ili kampuni isipate faida kwa kuvuta muda. Na malipo yaliyocheleweshwa yashughulikiwe kama deni lolote lile: Mtume (s.a.w.) ameiita dhulma tabia ya mwenye uwezo kuchelewesha deni. Kwa maoni yangu nusu ya ugomvi ingekwisha kama madai yangelipwa kwa wakati.

Tatu, daktari mmoja mmoja abaki huru kuingia mkataba wake mwenyewe bila kutishwa na wenzake. Kesi ya Washington ya mwaka 1943 inatosha kuwa onyo. Umoja ambao mtu hawezi kutoka ndani yake umeshakuwa kampuni nyingine.

Wapo watakaosema madaktari ni watu wenye nafasi, kwa nini tuwahangaikie? Qur'ani imetutaka tusimamie uadilifu, awe mtu ni tajiri au fakiri, na isiwe utajiri wa mtu ndio sababu ya kumnyima haki yake wala umasikini wake sababu ya kumpa isiyokuwa yake. Na wapo watakaosema bei ikipanda michango itapanda, na masikini atatoka katika bima. Hili ni kweli linaweza kutokea, ndiyo maana sikusema madaktari wapewe wanachotaka. Lakini bei iliyo chini kuliko gharama nayo inalipwa na masikini. Huilipa kwa foleni, kwa dawa asizopewa, na kwa zahanati ya mtaani inayofungwa kimya kimya, akalazimika kupanda bodaboda mpaka mjini usiku.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni jambo la kheri. Lakini kadiri wenye kadi wanavyoongezeka, ndivyo anayelipa kwa niaba yao anavyokuwa mkubwa, na ndivyo daktari wa vyumba vinne anavyokuwa mdogo mbele yake. Tukingoja mpaka karatasi zibandikwe tena madirishani ndipo tuulize nani ana haki, tutakuwa tumechelewa kwa yule aliyebeba mtoto usiku.

Wiki hii nilirudi kwa wale vijana wa Kidato cha Tano. Niliwaambia jibu langu la mwanzo lilikuwa pungufu, na nikawaeleza haya. Yule aliyeuliza akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo, Ustadh, yule daktari wa mtaani kwenu umemsamehe?"

Nikamwambia kwamba aliponionyesha mkataba nilimwelewa. Ule usiku nimemwachia Mola. Lakini Ijumaa iliyopita nilimkuta anatafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti, tukatoka pamoja, na nikamuuliza kama madai yake yamelipwa. Akasema bado.

Wallahu a'alam.